Kilio cha Darasa Lisilo na Paa

Unga wa muhogo ukikaa kichwani una harufu yake. Si ile ya kinuni wala ya chunguni. Ukishika kwenye nywele, ukachanganyika na jasho na jua la saa tisa, unatoa uchachu fulani, kama nguo iliyolala kwenye beseni siku mbili. Juzi nilikuwa nachekecha unga nyuma ya nyumba, upepo ukageuka, ukanimwagia usoni na kichwani. Jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Awa," akaniambia, "umezeeka hata sijakuposea mwanangu." Mimi nikabaki nimesimama na chekeche mkononi, sicheki, na mimi si mtu wa kukosa kicheko. Ile harufu ilikuwa imeshanichukua.

Nisikilizeni basi, maana habari hii sijapata kumsimulia mtu ikafika mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, darasa la kumi, shule ya sekundaria ya mji wetu wa pwani, huku juu karibu na mto Ruvuma. Kwetu mwalimu wa sekundaria anaitwa profesa, hata awe anafundisha kuruka kamba. Profesa wetu wa Kireno alikuwa Abilio, kijana mrefu kutoka Zambezia, aliyekuja na begi moja na viatu vya ngozi ambavyo chumvi ya huku ilivila kabla mwaka haujaisha. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa hiyo kila alichotuambia kilikuwa na sauti ya mtu anayeomba apunguziwe bei. Yeye ndiye aliyetuletea teatro.

Sikuwa hodari wa masomo, niseme ukweli. Hesabu zilinikimbia, na mimi sikuzifukuza. Lakini ndoto nilikuwa nazo tele. Nikienda kuteka maji nilikuwa nahutubia ndoo. Profesa alipouliza darasani nani anataka kucheza teatro, mkono wangu ulipanda kabla sijauliza teatro yenyewe ni nini.

Mazoezi tulifanyia kwenye darasa la mwisho, lile lililojengewa kuta likakosa mabati. Ndani mlikuwa na mchanga, nyasi pembeni, na mjusi mmoja mkubwa aliyekuwa akituangalia kama mkaguzi kutoka wilayani. Mchezo wetu ulikuwa mwepesi kuuelewa. Bibi anafariki, wanawe wanagombania mikorosho yake hata kabla hajazikwa, na mtu anayemlilia kwa moyo ni mmoja tu, mdogo wake, bibi kizee mwenye mvi. Huyo mwenye mvi ndiye mimi, na ndio maana nilipakwa unga kichwani. Marehemu alikuwa rafiki yangu Kristina, Mmakonde, ambaye wazee wake walishuka kutoka nyanda za juu kuja kutafuta kazi mjini. Alilazwa mkekani, akafunikwa kapulana, kanga ya huku kwetu, na hakupata kutokea maiti mwenye vicheko kama yule. Kila nilipomkaribia, kapulana ilikuwa inatikisika.

"Nyie watu wa pwani mnalia kama mnaimba harusini," aliniambia. "Nitaachaje kucheka?"

"Na nyie Wamakonde mnakufa mkicheka, ndio maana hamwogopwi," nikamjibu. Huo ni utani wa watu wetu na watu wao, wa tangu na tangu, na hakuna aliyeudhika.

Siku ya kufunga shule tungecheza mbele ya wazazi na wakubwa wa wilaya. Lakini kilio changu kilikuwa kinaharibu mchezo. Wiki tatu nzima nililia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Profesa Abilio alinifundisha kuvuta pumzi mpaka tumboni, kukaa nayo, kuiachia taratibu. Alitufundisha kumwangalia mwenzako usoni anaposema, na kutomdakia maneno mpaka amalize. Kwangu mimi alikuwa na neno moja tu: "Awa, usiigize kulia. Lia." Nyumbani nilifanyia mazoezi jikoni. Kaka yangu Sumail, fundi wa kujenga, alikuwa akirudi kazini na saruji mpaka kwenye nyusi, na siku moja alisimama mlangoni akamuuliza mama, "Huyu ni mtu au ni mbuzi wa Bi Atija kapotelewa na mwanawe?" Mama akacheka mpaka moto ukamzimikia.

Sasa ile alasiri. Jua lilikuwa limeingia darasani lote kwa sababu hapakuwa na cha kulizuia, unga unanichuruzika na jasho masikioni. Nilipiga magoti kando ya Kristina, nikamfunua uso, na safari ile hakucheka. Alikuwa amesinzia kwa joto, mdomo wazi kidogo. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, nilivyomwona nikiwa mdogo, amelazwa vilevile, mdomo vilevile, na mimi nikidhani anakoroma kimyakimya. Pumzi ikashuka yenyewe mpaka tumboni. Nikaiachia.

Sikujua kama nina sauti ile. Ilianza chini, "Dadaaa weee," ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, namna ileile wanayolia mama zetu mtu akikata roho. Sikufundishwa na profesa, ilikuwamo ndani yangu kama ilivyo ndani ya kila mtoto wa kike wa huku. Darasa lile halikuwa na paa, basi ikatoka juu, ikachukuliwa na upepo, ikashuka mtaani. Nilipomaliza, Profesa Abilio alikuwa amesimama mkono mdomoni. Akapiga makofi polepole. Mimi nikajiona tayari niko Maputo, kwenye televisheni.

Halafu tukasikia miguu.

Kama wewe si mtu wa huku nitakueleza. Kilio cha namna ile hakiulizwi, kinafuatwa. Mwanamke akikisikia anafunga kapulana kiunoni, anaacha chungu motoni, anashika kilicho karibu, unga kibaba, kuni mbili, ndoo ya maji, anakimbia kuelekea sauti ilikotoka. Nani kafa, atajua akifika. Ukisimama kwanza ukauliza, siku yako ikifika na wao watasimama kwanza wakauliza. Profesa hakulijua hilo, kwao mambo ni mengine. Mimi nililijua tangu kunyonya. Na bado nilisahau, kwa sababu ya ile raha ya kujisikia nina sauti.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Saide. Alikuwa akiuza bajia kwenye lango la shule, kila mwanafunzi alimjua, na mikono yake ilikuwa imejaa unga wa kunde mbichi mpaka viwiko. Mwanawe wa pekee, Saide, alikuwa amekwenda bara kuchimba mawe mekundu ya thamani, na ulikuwa mwezi wa nane hajaleta neno. Selula yake, simu ya mkononi, haikuita. Waliorudi kutoka huko walisema hawakumwona. Mama Saide alisimama mbele yangu, hana kiatu, ananitazama kwa macho ambayo sijayasahau, akauliza maneno mawili.

"Ni yeye?"

Nilielewa papo hapo anamuulizia nani. Mtu asiyejua angejibu. Mimi nilijua. Nilipiga magoti pale na mvi zangu za unga, natikisa kichwa, na yeye hakujua natikisa kwa sababu siye, au kwa sababu siwezi kulitamka. Nyuma yake wakaingia wengine, kumi, ishirini, na unga wao na kuni zao, mama yangu mwenyewe akiwamo, na ndoo kichwani. Ndipo Kristina, kwa zile kelele za miguu, akaamka. Maiti akakaa kitako na kapulana kichwani, akauliza, "Kuna nini?"

Wanawake watatu walitupa kuni zao wakarukia nje kwa dirisha. Leo nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Walipoona ni mchezo, walisema yote yanayosemwa, na sitayarudia. Profesa Abilio aliomba radhi kwa Kiswahili chake cha sokoni, na kila alivyoomba ndivyo alivyoonekana anataka kupunguziwa bei. Mama yangu alinishika sikio lenye unga, akaniambia taratibu, na ile taratibu ndiyo iliyouma, "Mzaha mzaha, Awa, hutumbuka usaha. Mguu wako hautakanyaga tena teatro."

Mama Saide hakutukana. Aligeuka, akatoka, akaenda kwake. Kesho yake langoni hakukuwa na bajia, wala kesho kutwa. Tulipita pale na njaa zetu na aibu zetu, tukitazama alama nyeusi ya jiko lake kwenye mchanga.

Siku ya tatu mambo yakapelekwa kwa Bi Atija, mkubwa wa kina mama wa mtaa wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwadhini. Diretori, mkuu wa shule, alikuwa ameshasema teatro ifutwe yaishe. Bi Atija akasema kuifuta teatro ni shauri la shule, lakini kilio ni shauri lao. "Kilio kimeshatoka," alisema. "Hakirudishwi mdomoni kama kohozi. Kimeita watu, watu wamekuja, lazima kikaliwe, watu wale chakula, kifungwe. Tukikiacha wazi hivihivi kitajitafutia chenyewe mtu wa kumkalia." Na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani huyo ambaye wote walikuwa wanamwogopea.

Kikaliwe wapi, sasa? Wengine walisema nyumbani kwa Mama Saide, kwani yeye ndiye aliyeumizwa. Habari ikampata, akatuma jibu: "Kwangu asikanyage mtu na mkeka. Mwanangu hajafa." Basi ikaamuliwa kilio kikaliwe palepale kilipozaliwa. Na Bi Atija akaweka sharti: hakitafungwa mpaka Mama Saide aje, aoshe mikono, ale na watu. Akija, yameisha, na watoto waendelee na mchezo wao. Asipokuja, tusimsikie mtoto yeyote akitaja teatro, na mimi, alisema akinitazama, nitakwenda kulibeba hilo mpaka nizeeke kweli.

Ikawa hivyo. Jumamosi asubuhi, siku isiyo na masomo, kina mama walitandika mikeka kwenye darasa lisilo na paa, wakainjika masufuria matatu nje ya ukuta. Mimi nimepata kukaa matanga mengi tangu wakati ule, lakini matanga yasiyo na marehemu ni yale tu. Marehemu mwenyewe alikuwa anachambua mboga. "Wewe maiti, hayo matapa unayachambua au unayabembeleza?" Bi Atija alikuwa akimwambia, na kina mama wakawa wanakohoa kuficha vicheko. Mama yake Kristina alikuja na rozari yake na kuku mmoja, akakaa na wenzake. Ulipofika wakati wa dua, mmoja akauliza tunamwombea nani. Bi Atija akasema, "Waliokufa tunao wengi. Dua haikosi pa kwenda." Wakainua mikono, na mara ile masihara yakaondoka darasani. Kila mtu alikuwa na wake.

Profesa Abilio alipewa kazi ya kuteka maji, akayateka yote. Adhuhuri alikuja kukaa karibu yangu, magoti yamemfika kidevuni. "Kosa ni langu, Awa," aliniambia. "Nilikufundisha kutoa sauti. Sikukuuliza sauti hiyo hapa kwenu inafanya kazi gani." Sikuwa nimepata kumsikia mwalimu akisema kosa ni lake. Nilitaka kulia, nikaogopa kulia.

Chakula kikaiva, karakata, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa kuku, kikafunikwa. Hakuna aliyefunua. Jua likahama ukuta mmoja likaenda wa pili. Watoto wakalala mapajani. Saa nane, hajaja. Saa tisa, hajaja. Mama yangu alikuwa akinitazama kwa pembeni, na niliona hasira imemtoka, imebaki huruma, na huruma ndiyo iliyonitisha zaidi, maana mama hanihurumii ila jambo likiwa limeharibika kabisa.

Alasiri, baada ya swala, Mama Saide akaingia. Ameoga, amefunga kapulana mbili za sare, viatu mguuni. Alisalimia, akaitikiwa. Tukampisha karibu na chakula, hakukaa. Akasema, "Nionyesheni hicho nilichokikimbilia."

Hatukumwelewa. Akarudia, "Teatro yenu. Chezeni, nione. Nimekimbia bila viatu, nina haki ya kuona."

Profesa akamtazama Bi Atija, Bi Atija akamtazama mama yangu. Mama yangu akaingiza mkono kwenye unga uliobaki, akaniita, akanipaka mvi kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Saide akakaa mkekani, tukacheza. Wana wa marehemu wakagombania mikorosho, na kina mama wakawa wanaguna, kwa kuwa kila mmoja alijua ukoo ambao mambo hayo yametokea kweli. Kristina alilala kama gogo. Nikafika pale pa kulia, nikapiga magoti, nikafunua uso, na sauti ikakataa. Niliyaona tena macho yale, "Ni yeye?" Nikakaa na pumzi yangu tumboni, haiendi mbele wala nyuma.

"Lia, mwanangu," Mama Saide akasema kutoka mkekani. "Safari hii najua ni nani."

Nikalia. Na kabla sijafika katikati, nikasikia sauti nyingine imeingia chini ya yangu. Nilidhani ni kina mama wananisaidia. Alikuwa yeye peke yake. Mama Saide alilia na mchezo wetu, akajifunika kapulana, akalia mpaka mimi nimemaliza na yeye hajamaliza. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemwambia nyamaza. Walimwacha kama anavyoachwa mtu anayekunywa maji baada ya safari. Mama yangu alikuwa anatazama chini, Bi Atija midomo inamtembea.

Alipotulia akajifuta, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi huyu, aliugua nini?"

Mimi kwa wema wangu wa miaka kumi na sita, nikitaka kumtuliza, nikamjibu mbio, "Hakuugua, mama. Ni mchezo tu. Hakuna aliyekufa."

Alinitazama kidogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeazimwa mwamvuli, halafu mvua haijaisha, mwenyewe kaja kuutaka. Akaosha mikono, akala. Masufuria yakafunuliwa, kina mama wakapumua, watoto wakaamka wakala. Kilio kikafungwa. Bi Atija alipopita nyuma yangu alinifinya mkono kwa nguvu. "Ukiulizwa habari za marehemu," akaninong'oneza, "jibu habari za marehemu." Nilidhani ananionea. Mama Saide amekula, teatro imepona, nimekosea wapi tena?

Siku ya kufunga shule tulicheza, wakapiga makofi, mkubwa mmoja wa wilaya akalala na akaamka kwa kilio changu. Maputo sikufika. Hata Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, sikufika, walikwenda wa shule nyingine. Mwaka uliofuata Saide akarudi, amekonda, hana hata jiwe moja, ana mke. Mama Saide alimchapa kwa kapulana barabarani kuanzia kituo mpaka nyumbani, huku akipiga vigelegele. Nikasema moyoni, si unaona, mama wa watu alilia bure.

Baada ya hapo niliacha shule. Na baadaye yakaja yale ya vita mnayoyajua, na sitayasimulia, kila mtu wa huku ana yake. Nitasema tu kwamba siku tuliyotawanyika, kaka yangu Sumail alitutanguliza porini, mimi na mama, akasema anakuja nyuma. Tulitembea tukimsikilizia. Tumekaa ugenini miaka, tumerudi, sasa tunaishi Mute, kando ya barabara kuu, na bado hakuna aliyemwona akiwa hai, wala aliyemzika.

Watu wananiuliza wakati mwingine ile teatro ya shule ilinipa nini. Nina majibu mepesi. Naosha masufuria kwenye jiko linalopikia wafanyakazi wa gesi kule Afungi, masufuria ambayo mtu anaweza kuogea, na kwenye zile kelele za mashine ni mimi ninayeitwa kupaza sauti, kwa sababu yangu inatoka tumboni na haikauki. Siku niliyokwenda kuomba kazi hiyo, nilisimama mbele ya watu watatu wenye meza, miguu imetulia, nikamngoja kila mmoja amalize kusema. Mmoja aliniuliza nimesoma wapi hayo. Darasa la kumi, nikamjibu, na ni kweli.

Jibu zito lilichelewa. Kule ugenini, kila walipokuja watu kuandika majina ya kaya, mama alikuwa akisema, "Tuko watatu. Mimi, Awa, na Sumail." Mwandishi akiuliza Sumail yuko wapi, mama anasema, "Anakuja nyuma." Mimi nilinyamaza, na usiku nilikuwa najiuma kidole. Sikuweza kumlilia kaka yangu. Kwetu, kumlilia mtu ambaye hujui kama amekufa ni kumzika angali anapumua; ni kumwambia Mungu wewe umeshakubali. Mama hakuweza, nami sikuweza, na machozi hayo hayaendi popote, yanageuka maumivu ya mgongo, yanageuka ukali juu ya chumvi iliyozidi. Na sisi hatukuwa peke yetu. Mkeka mzima wa wanawake, kila mmoja ana wake anayekuja nyuma.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Saide, miaka yote hiyo baadaye, amekaa mkekani na kapulana usoni. Hakuwa akimlilia bibi wa mikorosho. Miezi minane alikuwa hana ruhusa ya kutoa chozi, na sisi watoto, kwa bahati na kwa kosa letu, tulimpa maiti ambaye kumlilia si dhambi wala si mkosi. Aliuazima msiba wetu. Na mimi nikamnyang'anya kabla hajamaliza, nikamwambia hakuna aliyekufa.

Tuliporudi nikamtafuta Kristina. Siku ambazo sina zamu, Jumamosi alasiri, tunacheza teatro uani kwa jirani yangu, yule wa kunicheka. Tunacheza wanawake peke yetu, na mchezo wetu ni uleule wa bibi na mikorosho. Tunapeleka kwanza salamu nyumba kwa nyumba kwamba leo kutakuwa na kilio cha mchezo, ili asikimbie mtu. Wanakuja hata hivyo, kwa miguu ya taratibu, na mara nyingine na unga. Kristina bado anacheza maiti. Siku hizi akifunikwa hacheki.

Mama alikuwa hajapata kuja. Alisema mgongo. Jumamosi iliyopita nilipokuwa napiga magoti, nilimwona ameingia, amesimama karibu na mlango wa ua, halafu amesogea, halafu amekaa mbele. Nililia kilio changu. Sikumtazama, lakini nilisikia sauti imeingia chini ya yangu, na nikaijua. Nikalivuta lile neno, dada weee, nikalivuta zaidi ya tulivyopanga, nikarudi mwanzo nikalianza tena, ili asiachwe katikati. Kristina alilala kimya muda wote huo, na jua usoni.

Tulirudi nyumbani pamoja, mama na mimi. Tulipofika mlangoni akasimama, akaanza kufungua fundo la kapulana kiunoni, akaniuliza bila kunitazama.

"Yule bibi. Wamemzika wapi?"

"Pazuri, mama," nikasema. "Chini ya mikorosho yake, mahali pa juu kidogo. Maji hayafiki."

"Watu walikuwapo?"

"Walijaa. Wengine walikosa pa kusimama."

"Waliomwosha?"

"Wa kwao, mama. Kwa mikono yao. Wakamfunika vizuri."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja, halafu mara nyingine. Akaikunja kapulana yake mara nne, akaishika kifuani, na tukaingia ndani.